Watoto wafukuzwe kwenye mabanda ya video? Wana Mwanza tujadili

MZEE WA MABATINI
Wana Mwanza, salaam. Mwenyekiti wa mtaa wetu ameitisha kikao Jumapili hii. Anataka mtoto wa shule asionekane kwenye banda la video, mchana wala usiku, na mwenye banda atakayekutwa naye afungiwe. Mimi namuunga mkono. Mjukuu wangu wa darasa la tatu nimemkuta amebanwa kwenye benchi katikati ya wanaume wazima, kwenye TV mtu anachinjwa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni mtoto wa nani.

Msije mkasema nachukia picha. Nimekulia ukumbi wa sinema wa Liberty, pale mjini. Ulivaa shati lililopigwa pasi, ukakata tiketi dirishani, ukaoneshwa kiti kwa tochi. Ilipoingia Sholay, ile picha ya Kihindi, foleni ilikata kona. Jambazi Gabbar Singh alipotokea juu ya yale majabali, sisi tuliozaliwa kwenye mawe ya Mwanza tuliona kabisa yuko kilima cha pili. Aliyekulia kibanda umiza, haya mabanda ya video, kwa kweli, sinema hajaiona.

FUNDI DEKI
Shikamoo mzee. La watoto nitalirudia, ila hiyo sentensi yako ya mwisho hainishuki. Mimi ni wa Igogo, nimezaliwa 1983. Huku Bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, na kwetu hata redio tulikuwa tunasikilizia kwa jirani. Banda ndilo lilikuwa dunia yetu. Jenereta linanguruma nyuma, mkanda unaanza kutoa chenga, mwenye banda anauchomoa, anafungua kifuniko cha deki, anafuta kichwa kwa pamba yenye spiriti, anaurudisha taratibu. Muda wote huo hakuna anayetoka, maana ukitoka nafasi imekwenda. Picha inarudi, ni ile ya Commando, stelingi anajipaka masizi usoni na kujifunga silaha moja baada ya nyingine, banda zima limesimama. Na Sholay niliiona humo humo, mpaka Thakur, yule polisi wa zamani, anamkanyaga Gabbar anakata roho. Usiniambie sijaona.

MZEE WA MABATINI
Marahaba. Sasa umejifunga mwenyewe. Gabbar hafi. Thakur anamkanyaga, anakaribia kummaliza, polisi wanafika wanamzuia, Gabbar anatiwa mbaroni. Mimi nimeiona kwenye pazia, si kwenye mkanda uliorekodiwa juu ya harusi ya mtu.

FUNDI DEKI
Mzee wangu, nakuheshimu, ila Gabbar anakufa. Thakur hana mikono, anamuua kwa miguu, halafu anaangua kilio. Kilio kile nakikumbuka kuliko risasi zote za picha ile. Ningekitoa wapi?

PASIANSI YETU
Mimi niliaminishwa kwamba stelingi hafi. Halafu Amitabh, aliyecheza Jay kwenye hiyo Sholay, akafa. Nililia mpaka mama akadhani nimepigwa.

NYAKATO KWETU
Amitabh hakuwa stelingi. Stelingi ni Dharmendra, aliyecheza Veeru, ndiye anayebaki na msichana mwisho. Picha yenyewe ya mwaka 1974, hamkumbuki vizuri.

PASIANSI YETU
1975, mkuu, tena Agosti. Na unaita stelingi nani, anayeoa au anayekufa ili mwenzake aoe? Ile sarafu yake ilikuwa na kichwa pande zote mbili. Kila waliporusha alishajua jibu, na siku ya mwisho akaitumia kumwondoa rafiki yake ili yeye abaki darajani. Veeru anakuja kuigundua mwenzake ameshakufa. Kama huyo si stelingi basi hakuna stelingi.

MWENYE BANDA BUZURUGA
Naomba nafasi. Mleta mada umesema kwenye TV mtu anachinjwa. Banda lipi? Mimi ninalo banda, nina watoto wanne wanaokula kwa banda hilo. Mchana naweka katuni na picha za Kichina za mateke, jioni ni mpira, na mpira ndio unaolipa kodi ya pango. Mtoto analipa mia mbili. Mkinifungia kwa sababu ya mia mbili ya mtoto, hamjamlinda mtoto, mmenifukarisha. Na hao watoto watakwenda wapi? Ziwani? Mnajua watoto wangapi tunawaopoa pale Mwaloni kila mwaka?

BINTI WA KIRUMBA
Kaka zangu, mnagombea Gabbar, mimi sikumwona Gabbar wala Commando. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu la bati mpaka mtu aje anifukuze. Baba alikuwa amesema msichana akiingia banda amepotea, na ukweli mle ndani wahuni hawakuwa wachache, hata kaka yangu mwenyewe alikuwa hataki nikae karibu nao. Kwa hiyo utoto wa banda mnaoulilia ulikuwa wa wavulana. Mwenyekiti akizuia watoto, sawa. Asipozuia, sawa pia. Mimi nauliza, binti yangu wa miaka tisa aone picha wapi, akae kwenye kiti, asiguswe na mtu, arudi nyumbani salama?

FUNDI DEKI
Dada, tulioingia banda hatukuwa wahuni. Mimi leo ni fundi, nina duka. Usitupake matope wote.

BINTI WA KIRUMBA
Nimesema hawakuwa wachache, sijasema wote. Na hujanijibu.

NYAKATO KWETU
Kwenye banda letu wasichana waliingia bila shida.

BINTI WA KIRUMBA
Wangapi? Wataje hata watatu.

MZEE WA MABATINI
Huyu binti anasema ninachosema mimi. Liberty tulikwenda na dada zetu. Baba, mama, watoto, Jumapili mchana, familia nzima. Wahindi, Wasukuma, Waarabu, wote ndani ya ukumbi mmoja, na mapumziko mnatoka kununua karanga mnarudi. Na hakukuwa na mtu wa kupiga kelele juu ya picha. Siku hizi hawaiachi hata iseme yenyewe, kuna mtu anatafsiri kwa kupayuka mwanzo mpaka mwisho.

UKEREWE NANSIO
Mzee, hapo kwa Lufufu, yule mtafsiri wa mikanda, hapana. Bibi yangu hakujua Kiingereza wala Kihindi, na Kiswahili chenyewe alikisema kwa Kikerewe. Mikanda ya Lufufu ndiyo iliyomfanya akae mpaka mwisho. Mjomba alileta deki kutoka Mwanza kwa meli, tukawasha kwa jenereta la mashine ya kusaga. Lufufu alikuwa anaeleza nani ni nani, nani ana hila, nani amemsaliti nani, na mahali pengine anaongeza lake ambalo picha haina. Bibi alikuwa anamjibu. Ninyi wa Liberty mlikaa kimya gizani mkitazama midomo ikicheza kwa Kihindi mnajifanya mmeelewa.

MZEE WA MABATINI
Tulielewa. Picha ile hata kiziwi anaielewa.

UKEREWE NANSIO
Basi kwa nini humwelewi Fundi Deki akikwambia Gabbar alikufa?

MTUNZA MIKANDA CAPRIPOINT
Ndugu zangu, nimewasoma tangu asubuhi. Wote wawili mmeona sawasawa. Mwongozaji wa Sholay, Ramesh Sippy, aliipiga kwanza kama Fundi anavyosema, Thakur anamuua Gabbar. Mwaka huo huo wa 1975 India ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari, na bodi ya ukaguzi ikakataa mtu aliyewahi kuwa afisa wa polisi achukue sheria mkononi. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi waje, Gabbar akamatwe. Huo ndio uliokwenda kwenye majumba ya sinema dunia nzima. Ule wa kwanza ulitoka kwenye mkanda wa video, Uingereza, 1990. Kwa hiyo aliyekwenda Liberty aliona Gabbar anakamatwa, na mtoto wa banda wa miaka ya tisini aliweza kabisa kuona Gabbar anakufa.

FUNDI DEKI
Asante sana mkuu. Miaka yote hii naitwa mwongo kwenye kahawa. Mzee wangu, ulivaa shati la pasi, ukapanga foleni, ukalipa kiingilio kamili, wakakuonesha picha iliyokatwa mwisho wake. Ile aliyoitaka mwenyewe aliyeitengeneza iko kwenye banda la Igogo.

MZEE WA MABATINI
Iliyokaguliwa, si iliyokatwa. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kulikuwa na mtu mzima aliyekaa akaiangalia kabla yangu mimi mtoto. Kwenye banda lako nani alikaa?

FUNDI DEKI
Walikaa wanasiasa waliokuwa wanawaogopa raia wao. Usiniletee hao kuwa walezi wa watoto.

PASIANSI YETU
Hata toleo lipi, Amitabh anakufa. Hilo hawakulibadilisha.

MWENYE BANDA BUZURUGA
Mimi bado nasubiri kujua nafungiwa au sifungiwi.

BINTI WA KIRUMBA
Usingoje hawa, kaka, watakesha na Gabbar. Nikuulize wewe. Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi banda lako liko tupu, mpira haujaanza. Ukiweka katuni tu, mlango ukaachwa wazi, watu wazima wasio na mtoto wasiingie, na mama mmoja akae mlangoni, utakubali? Mia mbili yako utaipata, na wasichana wakija itaongezeka.

MWENYE BANDA BUZURUGA
Huyo mama wa mlangoni nani atamlipa?

BINTI WA KIRUMBA
Nitakaa mimi mwenyewe, bure, nikiuza karanga zangu.

MWENYE BANDA BUZURUGA
Njoo Ijumaa tuongee. Mzee wa Mabatini, kikao Jumapili ni saa ngapi? Nataka niwepo.

MZEE WA MABATINI
Saa nne, ofisi ya mtaa. Njoo na huyo binti. Na Fundi Deki naye aje na huo mkanda, kama kweli anao.

FUNDI DEKI
Mkanda ninao. Deki ndiyo sina.