Kwa nini ndege ya kivita ina kompyuta dhaifu kuliko laptopu ya kuchezea gemu?

Mpenda_Ndege:

Habari za muda huu wakuu. Kuna kitu kinanisumbua kichwa siku nyingi, leo nimeona nikilete hapa maana najua humu kuna mafundi, kuna watu wa gemu na kuna wale wanaofuatilia mambo ya silaha. Mimi ndege za kivita nazipenda toka mdogo, na jioni nikitoka kazini nawasha laptopu yangu ya mtumba niliyochukua Kariakoo nacheza gemu za kurusha ndege mpaka usiku wa manane. Sasa juzi nasoma habari za F-22, ile ndege ya Marekani ambayo rada inahangaika kuiona, nikakuta ubongo wake umejengwa kwa prosesa za Intel i960, chipu iliyotoka mwaka 1988 huko, spidi zake zinahesabiwa kwa makumi ya megahezi. Megahezi wakuu, sio gigahezi, na gigahezi moja ni megahezi elfu moja! Laptopu yangu inapita gigahezi 3 na bado gemu likiwa na mawingu mengi naiona inahema.

Nikasema labda ni ndege tu. Kumbe na wale wanaosimamia makombora ya nyuklia ya Marekani walikuwa wanatumia kompyuta za IBM Series/1 za miaka ya 70 na flopi zile kubwa za inchi 8, na flopi hizo wameziacha mwaka 2019 tu hapa.

Maoni yangu, na niko tayari kusahihishwa, ni kwamba wanunuzi wa jeshi ni watu wa makaratasi. Nchi inayotumia hela nyingi kuliko zote duniani kwenye jeshi inashindwaje kufunga grafiksi kadi moja ya kisasa kwenye ndege? Si rada ingeona mbali zaidi na ndege ingepiga hesabu haraka zaidi? Naombeni mnieleweshe.

Fundi_wa_Mitambo:

Mkuu swali lako zuri ila umeliuliza kama mtu wa gemu, ngoja nikujibu kama mtu wa gemu. We ukicheza, kipi kinakuudhi zaidi, gemu linaloenda fremu 60 kwa sekunde muda wote bila kuyumba au linaloenda 140 alafu katikati ya mapambano linaganda nusu sekunde? Jibu unalo. Sasa chukua hiyo nusu sekunde uipeleke kwenye ndege. F-16 toka ilipoanza kuruka 1974 imeundwa kwa makusudi isiwe imara hewani, ndo maana inakata kona vile, rubani hawezi kuishika kwa mikono peke yake bila mfumo unaorekebisha mabawa kila wakati. Na ule mfumo wa mwanzo haukuwa hata wa dijitali, zilikuwa saketi za analogi, nne zinafanya kazi moja ili moja ikifa zingine zinaendelea. Haina prosesa ya kujisifia nayo na inaruka vizuri tu.

Mi kazi yangu ni mitambo ya kiwandani, mistari ya kujaza chupa. Kile kiboksi kinachoendesha mashine ukikilinganisha na simu yangu ni kidogo sana, ila nikikiambia soma kihisi kila milisekunde 10 kitasoma kila milisekunde 10 leo, kesho na sikukuu. Kuna mahali nilishawahi kufanya kazi waliamua kuweka kompyuta ya kawaida isimamie mashine kwa sababu ni rahisi na ina nguvu. Siku moja katikati ya zamu ikaanza kujiapdeti yenyewe. Chupa zilimwagika sakafu nzima na tulisafisha mpaka saa nne usiku. Zile zilikuwa chupa, hebu fikiria ingekuwa ndege yenye mtu ndani.

Kwaiyo wenzako hawanunui kasi. Wananunua kujua kwamba jibu litakuja kabla ya muda fulani, hata siku mbaya kuliko zote. Laptopu yako haiwezi kukuahidi hivyo, na mfumo endeshi wake haukutengenezwa kwa ahadi ya namna hiyo.

Mzee_wa_Saketi:

Naongezea hapo kwa dada Fundi. Watu wanasahau ndege inachukua miaka mingapi kuzaliwa. Muundo wa F-22 ulichaguliwa 1991, ndege yenyewe ikaruka mara ya kwanza 1997, ikaingia kazini rasmi Desemba 2005. Weka pembeni historia ya gemu: 1991 PlayStation ya kwanza ilikuwa bado haijatoka, ilitoka 1994, na hiyo Desemba 2005 Xbox 360 ilikuwa tayari iko madukani. Vizazi vitatu vya gemu vimepita ndani ya ndege moja! Chipu inabidi uichague mapema ili watu waandike programu, waipime, waivuruge, waipime tena. Ukibadilisha chipu unarudi mwanzo.

Na msidhani hawajaribu kubadilisha. F-35 waliamua kuipa kompyuta mpya yenye nguvu zaidi, mradi unaitwa TR-3, matokeo yake programu ikachelewa kukaa sawa mpaka serikali ya Marekani ikagoma kupokea ndege hizo mpya toka Julai 2023 hadi Julai 2024. Mwaka mzima ndege zimetoka kiwandani zimepaki. Hilo ndo swali lako la kufunga tu kadi ya kisasa.

Alafu kuna mazingira. Roboti Perseverance iliyotua Mars Februari 2021 inaendeshwa na RAD750, hiyo ni ndugu wa prosesa iliyokuwemo kwenye iMac ya 1998, haizidi megahezi 200 kule inakofanya kazi, na bei yake unanunua nyumba. Unalipia uwezo wa kupigwa na mionzi bila kuchanganyikiwa, na kuvumilia baridi na joto ambalo simu yako ingekufa siku ya kwanza.

Pedi_Nairobi:

Sasa hapo kwa Mars mzee umenipa nafasi. Hiyo Perseverance ilibeba helikopta ndogo, Ingenuity, na ile helikopta ilikuwa inatumia Snapdragon 801, chipu ya simu kabisa, ile ilikuwa kwa Galaxy S5! Walipanga iruke mara 5. Iliruka mara 72, mpaka Januari 2024 bawa likavunjika. Kwa hivyo hii maneno ya kwamba vitu vya duka haviwezi, mimi sikubaliani nayo yote.

Na jeshi lenyewe linajua. Mwaka 2010 maabara ya jeshi la anga la Marekani ilichukua PlayStation 3 zipatazo 1,760 wakaziunganisha zikawa kompyuta moja kubwa ya kuchambua picha za rada na setelaiti. Sababu ilikuwa bei tu, PS3 moja ilikuwa kama dola 400 na prosesa yake ya Cell ilikuwa kali kwa hesabu za aina hiyo. Mwaka huohuo Sony wakatoa apdeti inayoondoa uwezo wa kuweka mfumo endeshi wa Linux, kwa hivyo mashine ikiharibika huwezi tu kwenda dukani kuchukua ingine mpya. Mimi PS3 yangu nilikuwa nimeiweka Linux na hiyo apdeti iliniuma mpaka leo.

Ingine ni nyambizi. USS Colorado iliyoingia kazini 2018 ina pedi ya gemu ya Xbox 360 ya kuzungushia ile kamera ya juu iliyochukua nafasi ya periskopu ya zamani. Kishikio cha kwanza kilikuwa kinagharimu karibu dola 38,000, pedi ni chini ya 30. Na mabaharia walikuwa wanaizoea kwa dakika chache kwa sababu wamekua nayo mkononi. Mtu aliyetengeneza kile kishikio cha kwanza alikuwa injinia mzuri bila shaka, lakini pedi imeshikwa na mamilioni ya watu, imeangushwa, imerushwa ukutani, imemwagiwa soda. Hakuna jeshi linaweza kufanya majaribio ya aina hiyo.

Fundi_wa_Mitambo:

Pedi sawa, ila angalia wameiweka wapi. Kwenye kamera. Usukani wa nyambizi na kinu cha nyuklia hawajaviwekea pedi ya Xbox. Pedi ikifa unachomoa unaweka ingine. Na ile Ingenuity walikubali toka mwanzo kwamba inaweza kufa, roboti kubwa hawakuipa chipu ya simu iiendeshe.

Chenga_za_Arusha:

Naomba niingie hapa maana mimi narusha droni za FPV, zile unavaa miwani unaona kama umekaa ndani yake. Huu ubishi vita ya Ukraine imeushika pabaya. Zile droni ndogo zinazotumika kule zimetoka moja kwa moja kwenye mchezo wetu, programu ya Betaflight iliandikwa na wapenzi wa kushindanisha droni, iko wazi yeyote anachukua, na leo iko ndani ya kitu kinachokwenda kuvunja kifaru. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mimi niliipenda kwa ajili ya kukwepa miti tu, na kuna watu nilijifunza kwao mtandaoni walioacha mashindano wakaenda vitani.

Ila kitaalamu kuna somo ndani yake linalojibu swali la mleta mada. Wengi wao mpaka leo wanatumia video ya analogi, mawimbi ya gigahezi 5.8, teknolojia ya babu. Kwa nini? Kumbukeni televisheni zetu kabla ya ving'amuzi. Antena ikiyumba unaona chenga, lakini kupitia chenga bado unamuona Kaseja kasimama golini na mpira unaenda wapi. Kikaja king'amuzi, picha safi kama maji, mvua ikinyesha picha inakatikakatika vipande vipande alafu inaganda kabisa, goli linafungwa unasikia majirani tu. Rubani wa droni akipoteza mawimbi taratibu anaona chenga zinaongezeka, anajua anakaribia mwisho, anageuza. Ikiganda, hajui kitu, ameshagonga mti. Na analogi inachelewa kidogo sana kati ya kamera na jicho, wakati kwenye spidi ile ukichelewa kuona ni kama hujaona.

Na adui alipoanza kuziba mawimbi wakarudi nyuma zaidi, wakaanza kufunga droni na waya, uzi mwembamba wa faiba unaojifungua toka kwenye bobini kilomita 10 na zaidi. Droni yenye uzi kama tiara! Na hakuna mtambo wa kuziba mawimbi unaoiweza maana hakuna mawimbi ya kuziba.

Kwaiyo mi naona Pedi na Fundi wote mnasema kitu kimoja. Cha bei ndogo kinakubalika pale unapokubali kukipoteza.

(Kwa mnaotaka kuanza, hapa kwetu droni ina utaratibu wa vibali, pitia kwanza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, ujue kabla hujanunua.)

Mpenda_Ndege:

Aisee nimejifunza mengi. Fundi ule mfano wa kuganda nusu sekunde umeniingia kabisa. Ila bado nina moja. Hizo kompyuta za jeshi mnazosifia uhakika wake mbona nazo zinafeli? Februari 2007 kundi la F-22 lilikuwa linatoka Hawaii kwenda Okinawa Japani, zilipovuka ule mstari wa tarehe wa kimataifa katikati ya bahari kompyuta zikachanganyikiwa, uelekezi ukafa, marubani wakajaribu kuzima na kuwasha wapi, ikabidi wazifuate ndege za mafuta kwa macho mpaka Hawaii tena. Bahati hali ya hewa ilikuwa nzuri. Na manowari ya USS Yorktown 1997 mtu mmoja aliingiza sifuri kwenye sehemu ya data, mfumo ukagawa kwa sifuri, injini zikazima meli ikaelea kwa karibu masaa matatu.

Mwalimu_wa_Namba:

Hapo mwanangu hujakutana na chipu mbovu, umekutana na hesabu mbovu. Chipu ilifanya ilichoambiwa.

Mfano unaoniumiza kuliko yote ni Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot, ule wa kudungua makombora, ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde toka ulipowashwa. Sasa 0.1 kwetu ni namba fupi, lakini kwenye namba za mbili, zile za 0 na 1 tu ambazo kompyuta inatumia, haina mwisho, kama sisi tunavyoandika theluthi moja 0.3333 hatufiki. Nafasi iliyokuwepo ni biti 24, yaani tarakimu 24 za 0 na 1, kwaiyo mkia ukakatwa. Kosa la kila hesabu moja ni dogo mno, ila mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo na kosa likawa linajikusanya. Kombora la Scud likaja, mtambo ukaangalia mahali ambapo kombora halipo, ukaona anga tupu. Likaanguka kwenye bweni la wanajeshi, wakafa 28. Programu iliyorekebishwa ilifika pale kesho yake.

Wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba sehemu iliyokatwa inaweza kuua. Fungua Python, ile lugha ya kuandikia programu, hapo ulipo andika 0.1 + 0.2 uone inakujibu nini. Na kwenye magemu yenye dunia kubwa ukitembea mbali sana na katikati mchezaji anaanza kutetemeka mwenyewe, ni ugonjwa huohuo, namba zimeishiwa nafasi.

Mpenda_Ndege:

Mwalimu nimeandika, imenijibu 0.30000000000000004. Nimekaa naiangalia tu.

Nikaona nisiishie hapo nikajaribu ile ya Patriot mwenyewe kwa kikokotoo. Nimechukua 0.1 nikazidisha kwa 8,388,608, yaani mbili 23 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, maana biti moja nimeambiwa ni ya alama ya kujumlisha au kutoa. Nimepata 838,860.8. Hiyo .8 haina pa kukaa, nikaitupa. Nikatafuta nimepoteza sekunde ngapi, nikazidisha na hesabu 3,600,000 za saa 100, ikaja sekunde 0.3433. Scud inakwenda kama mita 1,676 kwa sekunde, kwaiyo ni mita 575.

Nimetoka nje nikaangalia. Toka mlangoni kwangu mpaka msikitini hazifiki mita 575.