Mjadala: Joker inamtetea muuaji au inamweleza tu?

Wakuu, Joker ya mwaka 2019, filamu ya Arthur, mchekeshaji anayegeuka muuaji, bado inagombanisha watu kila ikitajwa. Wanaoikubali wanakutajia Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, Oscar mbili na mapato yaliyovuka dola bilioni 1. Wanaoikataa wanakukumbusha Aurora, Colorado, ambako mwaka 2012 watu 12 waliuawa ndani ya sinema iliyokuwa ikionyesha filamu ya Batman, adui wa Joker. Baadhi ya familia zao ziliiandikia Warner Bros., kampuni iliyoitoa, kabla Joker haijatoka.

Mimi sioni kama inachochea mtu kuua. Kasoro yake ni kutuchagulia nani afe. Wale vijana watatu wa kwenye treni ndio walioanza kumpiga Arthur. Randall, mfanyakazi mwenzake, alimpa bastola kisha akamruka. Mama yake, kwa mujibu wa faili la hospitali, aliacha mtoto ateswe. Murray, mtangazaji, alimfanya kichekesho kwenye kipindi chake cha televisheni. Kila anayekufa, mtazamaji ameshaandaliwa sababu. Ikifika zamu ya asiye na kosa, yule mwanamke anayemhoji Arthur hospitalini Arkham mwishoni, hatuonyeshwi kitu. Tunaona nyayo zenye damu tu kwenye korido. Jirani yake Sophie naye tunamwacha sebuleni kwake amejaa hofu, na filamu inapita. Sisi tuliokulia kwenye steringi na adui tunajua mtu akiwa vyote viwili kwa mpigo ni kazi ngumu kuandika, lakini mwongozaji Todd Phillips kakwepa pale pale penye ugumu. Karibuni.

— Mkuu, hapo umeipunja. Yule kijana wa tatu alikuwa ameshajeruhiwa, anakimbia, na Arthur akamfuata hadi kwenye ngazi akammalizia. Hiyo si kujitetea, na kamera haikuficha. Halafu umemsahau Gary, mfanyakazi mwenzao. Arthur kashamuua Randall kwa mkasi, anamruhusu Gary aondoke kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa mwema kwake. Gary ni mfupi, komeo la mlango halifikii, inabidi amwombe muuaji mwenyewe amfungulie. Nilipoitazama ukumbini watu walicheka, kisha kukawa kimya. Ile sekunde moja ina thamani kuliko mahubiri yote ya kwenye kipindi cha Murray.

— Naunga mkono, na muziki msiusahau. Mtunzi wake, Hildur Guðnadóttir, alitunga sehemu ya muziki huo kabla ya kupiga picha. Ile dansi ya taratibu chooni baada ya mauaji ya treni, Joaquin Phoenix, anayemwigiza Arthur, aliibuni papo hapo akisikilizishwa ule muziki wa selo, ala ya nyuzi. Mwili ule uliokonda, mbavu nje, unacheza kama umefunguliwa kamba. Ukiondoa maneno yote bado unaelewa kwamba kuua kumempa raha, na hilo ndilo linalotisha.

— Mimi natofautiana nanyi nyote. Tatizo langu ni ugonjwa. Filamu inaanza vizuri: bajeti inakatwa, ofisi ya ushauri inafungwa, dawa zinakwisha. Hapo kuna hoja nzito kuhusu serikali. Lakini inayofuata ni dawa zimeisha, bastola ipo, watu wanakufa. Wenye maradhi ya akili wanaoumizwa na wengine ni wengi kuliko wanaoumiza, na mitaani kwetu tayari wanaitwa vichaa na kupigwa mawe. Filamu iliyotazamwa na watu wengi hivyo ingeweza kuwatendea haki zaidi.

— Mleta mada narudi. La Gary nakubali, ni eneo bora kuliko yote. La ugonjwa pia lina uzito, maana kicheko cha Arthur, kinachomtoka bila kutaka, wamekitengenezea hadi kadi ya maelezo anayowapa watu, ila vurugu yake haina maelezo mengine. Lakini tazameni sehemu ya pili ya mwaka 2024: Gary analetwa mahakamani kueleza jinsi tukio lile lilivyomvuruga, uso kwa uso na Arthur. Hatimaye aliyeumizwa bila kosa akapewa nafasi ya kusema. Na ndiyo filamu mashabiki waliyoikimbia. Aliyeipenda ya kwanza akaichukia ya pili, atueleze alikuwa anapenda nini.