Ekari 14 za ukoo: tupange kama Sinza, kama Buruburu, au kama Viwanja 20,000?

Mjukuu_wa_Kisarawe

Wakuu, heshima mbele. Nina kikao cha ukoo Jumamosi ijayo na sitaki kwenda mikono mitupu.

Babu alituachia ekari 14 za mikorosho huku Kisarawe. Mji umeshatufikia. Jirani zetu wa upande wa bondeni wameanza kukata vipande na kuuza kwa hatua za miguu. Juzi nimeshuhudia lori la mchanga likimwaga mzigo njia panda kwa sababu msingi wa nyumba mpya umebana njia. Mwenye mchanga akakodi vijana wausombe kwa ndoo, ndoo moja moja, mpaka magharibi. Wazee wetu nao waliona. Wakasema bora shamba tuligeuze mtaa sisi wenyewe, tena mtaa uliopangwa.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Shangazi zangu wanataka mtindo wa Sinza: pima viwanja, chonga barabara, vuta maji, halafu kila anayenunua ajenge kwa uwezo wake. Binamu yangu aliyesoma Nairobi anataka tutafute mkopo tujenge nyumba zinazofanana kama mtaa wa Buruburu wa kule Nairobi, tuuze nyumba nzima. Baba wadogo wanasema pima, uza, basi, kama ilivyofanyika kwenye Viwanja 20,000, ule mradi wa serikali pembezoni mwa Dar. Huduma zitakuja zenyewe.

Naomba walioishi kwenye mitaa hiyo waniambie ilianzaje na imefikia wapi.

Mama_Sinza_E

Mwanangu, mimi nipo Sinza tangu 1979. Tulipewa kiwanja cha mita 12 kwa 24, katikati ya nyasi. Hapakuwa na nyumba upande wa kulia wala kushoto, lakini barabara ilikuwepo. Hilo nakuomba ulishike. Tulifika tukakuta barabara imeshachongwa na bikoni nne, yale mawe ya mipaka, zimeshazikwa. Marehemu mume wangu kila mwaka mpya alikuwa anazipaka chokaa zile bikoni ili mtu asije akadai hazipo. Ya kona ya mbele ipo hadi leo, chini ya meza ya kijana anayekaanga chipsi.

Nyumba yenyewe tulijenga kwa miaka saba. Mkopo wa Benki ya Nyumba ulitoka kwa mafungu, na miaka ya themanini mwanzoni saruji ilikuwa ya kibali. Ukipata mifuko mitano unafyatua tofali usiku huohuo isije ikaganda. Tulihamia na chumba kimoja kilichoezekwa, vingine viko wazi, mihogo imeota sebuleni. Sasa hivi nina vyumba vya mbele nimepangisha duka na vya uani nimepangisha wanafunzi, na ndivyo vinavyonilisha.

Ila nisikufiche. Mradi ule uliotupa viwanja ulisemwa ni wa watu wa kipato cha chini, na wengi wao hawakudumu. Masharti ya ujenzi yaliwashinda, wakauza ofa zao, yaani barua za kupewa kiwanja, kwa watumishi wenye mishahara. Jirani yangu wa kwanza alikuwa mpagazi wa bandarini. Hakufika hata kwenye lenta.

Mpima_Mstaafu

Mama Sinza ameeleza vizuri, niongezee historia kidogo maana nimeshika teodolaiti, kile kifaa cha kupimia ardhi, miaka mingi.

Mradi wa viwanja na huduma ulianza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa Dar es Salaam, awamu ya kwanza ilipima maeneo mapya ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Wakati huohuo Manzese, ambayo watu walikuwa wameshajijengea, ikapelekewa barabara na maji bila kuivunja yote. Awamu ya pili ikaenda Tabata na kwingineko. Mikopo ya ujenzi ilipitia Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo ilikuja kufungwa mwaka 1995.

Kwa hiyo una mitaa miwili jirani, mmoja uliotangulizwa ramani na mwingine uliotangulizwa nyumba. Panda Shekilango kutoka Barabara ya Morogoro uingie Sinza, halafu rudi uvuke uingie Manzese. Sinza gari la zimamoto linaingia mpaka ndani ya mtaa. Manzese kuna sehemu jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa. Kuna wachumi waliofuatilia miradi ile katika miji saba ya Tanzania, na walikuta kwamba miongo kadhaa baadaye maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba bora na ardhi ya thamani kubwa kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujaa. Wala sisemi watu wa Manzese walikosea. Walikuwa wamefika kabla ya mpima.

Tuje kwenye hesabu yako. Ekari 14 ni kama mita za mraba 56,600. Ukitoa asilimia 35 kwa ajili ya barabara, mitaro, eneo la wazi na kiwanja cha huduma kama zahanati au chekechea, unabaki na karibu 36,800. Kwa viwanja vya mita za mraba 600 utapata kama 61. Kwa vya 400, kama 92. Kwa vya 300, kama 122. Waambie baba zako wadogo kwamba hiyo asilimia 35 ndiyo inayouza hivyo vingine.

Buru_Phase3

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nimezaliwa na kulelewa Buruburu, kwa hivyo acha nimtetee binamu yako kisha nimpinge.

Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia mapema miaka ya sabini hadi mapema miaka ya themanini. Pesa nyingi zilitoka kwa shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, na wanunuzi wakapewa mikopo ya nyumba na HFCK, kampuni iliyoanzishwa 1965 na serikali pamoja na hiyo CDC. Wazazi wangu walikuwa walimu. Walipewa funguo, wakaingia nyumba ya orofa moja iliyokamilika, vigae vyekundu juu, maji kwenye mfereji, stima ikiwaka. Deni walilipa kidogo kidogo kutoka kwa mshahara miaka na miaka.

Uzuri wake ulikuwa korti. Nyumba zinazunguka uwanja mmoja mdogo, mlango wa kuingilia ni mmoja, magari yanaachwa pamoja. Sisi watoto tulicheza pale hadi giza na mama yeyote angeweza kukuchapa. Shule, maduka na makanisa yalikuwa kwenye ramani tangu mwanzo, kwa hivyo hatukuvuka Jogoo Road kutafuta kitu.

Lakini angalia leo. Nyumba zilizochorwa kwa familia moja zimeongezewa vyumba vya kupangisha mbele, zingine orofa tatu, nne, zimesogea hadi kwenye ua. Mabomba ya maji taka yalikuwa ya watu wachache, sasa yanafurika. Korti yetu ilibaki sawa kwa sababu moja tu: wenye nyumba walikaa chini wakakubaliana kuhusu lango na nani analipa mlinzi, na mpaka sasa tunakutana kila mwezi.

Kwa upande wa pesa, Buruburu ilisimama kwa sababu kulikuwa na mkopeshaji wa muda mrefu na wafanyakazi wenye payslip. Ukoo wenu hauna CDC. Mkikopa benki kwa riba ya kibiashara mjenge nyumba 60, na wanunuzi wachelewe, benki itachukua shamba la babu. Mwambie binamu nimesema kwa mapenzi.

Kibada_Bondeni

Mimi niko kwenye Viwanja 20,000, upande wa Kibada, Kigamboni. Mradi ulianza 2002 chini ya Wizara ya Ardhi. Serikali iliwalipa fidia wenye mashamba, ikapima, ikauza viwanja kwa bei ya kurudisha gharama. Maeneo yalikuwa mengi pembezoni mwa jiji: Bunju, Boko, Mbweni, Kisota, Tuangoma, Gezaulole, Mwanagati, Buyuni na mengineyo. Kwa kupima tu, mradi ulifanikiwa: hati zilitoka na mipaka inajulikana.

Maisha ndani yake ni habari nyingine. Barabara ilikuwa kwenye ramani; ardhini ilikuwa mkuzo tu, yaani mstari uliofyekwa, mvua mbili ukawa korongo. Maji tulinunua kwa boza. Umeme nilivuta kwa nguzo nilizochangia na majirani wawili. Wengi walionunua walichukua viwanja viwili vitatu wakaviacha wakisubiri bei ipande, kwa hiyo nimekaa miaka na vichaka pande tatu, nyoka anaingia jikoni. Mpaka daraja lilipofunguliwa Aprili 2016 tulikuwa tunategemea kivuko, na fundi wa mjini ukimwita anakuuliza kwanza kama foleni ya pantoni ni ndefu.

Leo mtaa umependeza, siwezi kukataa. Lakini huduma hazikuja zenyewe. Tulizivuta sisi, kila mtu kwa bei yake, na ilitugharimu kuliko kama zingewekwa mara moja.

Dandora_Phase2

Kuna njia ya katikati ambayo hamjaitaja. Dandora, 1975, Benki ya Dunia na Halmashauri ya Jiji la Nairobi: ploti 6,000. Hukupewa kiwanja kitupu, wala hukupewa nyumba nzima. Ulipewa ploti yenye choo na bafu vimejengwa tayari, vimeunganishwa na maji na bomba la maji taka. Walioweza kulipa zaidi walipata jiko na stoo, wengine hata chumba kimoja. Kutoka hapo unaongeza mwenyewe.

Watu wakiitaja Dandora wanakumbuka jaa la taka, na ni kweli limetuumiza. Pia majumba ya kupangisha yamepanda hadi jua halifiki chini. Lakini yale mabomba yaliyowekwa kwanza yalifanya ploti ndogo iweze kubeba watu. Ukiuza viwanja vya mita 300 huko kwenu, kila mmoja achimbe shimo lake la choo na mwingine achimbe kisima, mtakunywa nini?

Mjukuu_wa_Kisarawe

Nimesoma mara mbili. Mzee Mpima, shikamoo. Mimi naogopa eneo la wazi. Nikiacha robo tatu ya ekari bila kuuza, kesho mjomba mmoja atasema ni lake, au litageuka gereji.

Mpima_Mstaafu

Marahaba. Hofu yako ni ya kweli, Sinza yenyewe ilipoteza maeneo ya wazi kwa njia hiyo. Mambo mawili. Kwanza, lionekane kwenye mchoro wa mipango miji utakaoidhinishwa, likiwa na namba na matumizi yake, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Mkiuza kwanza na kuchora baadaye hamtakuwa na nguvu. Pili, lipewe kazi mara moja. Eneo la wazi lililokaa porini linavamiwa. Lenye magoli mawili na miti iliyopandwa kwa mstari lina walinzi mia, wote wa umri wa miaka kumi.

Mwanafunzi_Mipango

Niongeze mfano wa kihistoria. Dar ya wakoloni iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa mjini. Nia ilikuwa ya kibaguzi kabisa. Lakini uwanja ulibaki uwanja, na leo watu wa pande zote wanakutana pale. Tena Buruburu nayo ina ukoo mrefu: Mwingereza Ebenezer Howard aliandika mwaka 1898 kuhusu miji midogo yenye kazi, shule na bustani vikiwa vimepangwa pamoja, Letchworth ikaanza kujengwa 1903, na mpango mkuu wa Nairobi wa 1948 ukachukua wazo la kugawa mji kwa vijitaa vyenye shule na maduka yake.

Buru_Phase3

Mjukuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Nani atakuwa mwenye barabara baada ya kuuza? Sisi tuliteseka na mashimo miaka mingi, kila mmoja akimsubiri mwingine.

Mjukuu_wa_Kisarawe

Nimeamua nitakachowapelekea. Viwanja vya mita 400, karibu 90. Tuuze kumi vya mwanzo kwa bei nafuu kidogo kwa wanaoahidi kujenga ndani ya miaka miwili, ili kusiwe na vichaka. Pesa yote ya hivyo kumi iende kwenye barabara, kisima kirefu kimoja chenye tangi na bomba la kupita mbele ya kila kiwanja. Barabara ya kati mita 12, za ndani mita 10, na zote tuzikabidhi kwa halmashauri kwenye mchoro. Mwembe wa babu ubaki katikati ya uwanja. Binamu nitampa viwanja vinne pembeni ya lango ajenge nyumba zake za mfano. Zikinunulika, tutazungumza tena.

Nimekosea wapi?

Mama_Sinza_E

Hujasema maji ya mvua yatakwenda wapi. Sinza ni tambarare, na Mto Ng'ombe tumeulilia miaka mingi kabla haujajengewa kingo. Usimwachie mpima peke yake, atakuja kiangazi. Mvua ikinyesha wiki hii vaa mabuti, chukua vijiti na kamba nyekundu, tembea shamba zima maji yakiwa bado yanakwenda. Kila yanapopita chomeka kijiti. Jumamosi wapeleke wazee wakavione vijiti vyenyewe, kabla hamjafungua karatasi yoyote.