Ati "huyu nyama anaionaga Krismasi tu"! Yule jamaa wa safari za Italia leo amenivua nguo mbele za watu

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa safari za Ulaya, huu ni wa hasira peke yake. Naandika nikiwa kwenye basi, siti ya nyuma karibu na choo, bado tunakata kona za vilima vya Toscana, na mkono unatetemeka mpaka simu inajiandikia Kiitaliano yenyewe.

Mnamjua. Jina sitaji, mods watanifungia, ila mnamjua. Yule anayekusanya Wabongo wa Ujerumani na Uholanzi kila kiangazi, "njooni mle, muione Italia ya shamba, bei ya ndugu". Yule wa miwani ya jua utosini hata saa nne usiku. Huyo huyo.

Safari yenyewe sina ugomvi nayo. Val d'Orcia kuzuri mpaka unashuku kuna mtu analipwa kuichana ile miberoshi kila asubuhi. Pienza tumeonjeshwa jibini la kondoo, tukaambiwa Papa Pius II alizaliwa pale, alivyopata cheo akaanza kukijenga upya kijiji chao mwaka 1459. Mtu kakumbuka kwao, safi sana. Montalcino tukaambiwa Brunello, divai yao nyekundu, haiuzwi mpaka mwaka wa tano baada ya mavuno, halafu tukamiminiwa ya kulowesha ulimi. Nikanyamaza, mimi mtu wa amani.

Sasa leo mchana. Shamba moja linalopokea wageni karibu na Montepulciano, meza ndefu chini ya mti, watu kibao, na mashemeji wa Kizungu wamo. Ikaletwa bistecca alla fiorentina. Kwa msioijua: steki ya ng'ombe na mfupa wake, unene wa vidole vitatu, kipande kimoja kilo na ushee. Wanasema asili yake ni wale ng'ombe weupe wakubwa, Chianina. Nje imeungua. Ndani? Ndani yule ng'ombe alikuwa bado ana mipango yake. Damu ikatambaa kwenye ubao ikafika kwenye mkate wangu.

Nikamwita mhudumu kwa adabu, kwa ishara, airudishe motoni dakika tano tu. Mhudumu akamtazama jamaa. Jamaa akasimama. AKASIMAMA wakuu. Akagonga glasi kwa uma, ting ting ting, akasema: "Msimjali huyu, nyama anaionaga Krismasi tu!"

Halafu akaitafsiri kwa Kiitaliano. Mhudumu akacheka. Mpishi akatoka jikoni, akaelezwa upya, akacheka, akarudi ndani kuita wenzake.

Nyama naionaga Krismasi tu. Mimi! Niliyemtumia euro zake tangu Februari, yeye hata basi hajalipata! Na ile nyama inauzwa kwa uzito, bili ilivyokuja tukagawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo nimelipia nyama, nyama sijala, na tusi nimepewa la nyongeza.

Angesema pembeni ningeelewa. Ila kusimama! Na glasi! Krismasi tu!

Huyu mtu afungiwe kusafirisha binadamu. Nimemaliza.

Kandambili Moja: Sasa mkuu, kwani wewe huionaga lini nyingine?

Mama Wawili: Pasaka jamani, msimwonee 😂😂

Nauli Kamili: Chai hii, haina hata tangawizi. Picha ya hiyo nyama iko wapi?

Mzee wa Kaloleni: Ngoja kwanza. Mleta mada si ndiye yule wa uzi wa Desemba, aliyekwama Same akienda kwao Rombo? Mtu wa Rombo anaogopa damu? Kisusio, ile supu yenu ya damu, ulikuwa unakunywa umefumba macho?

Mleta mada: Kisusio kinapikwa mzee wangu! Na mada si damu. Mada ni kuambiwa KRISMASI mbele za watu.

Mzee wa Kaloleni: Na nyie Krismasi ndiyo mnakula hasa, mbuzi hawalali mwezi mzima. Jamaa kakusifia, hujajua tu.

Mjukuu wa Pangani: Bora wewe ulipewa ng'ombe. Mimi mwaka jana, huyo huyo bwana, nilimwambia mapema mimi Muislamu. Akasema ondoa shaka ndugu yangu, kuna soseji ya shamari, inaitwa finocchiona. Shamari ipo kweli, imelala juu ya kitimoto. Nikaomba maharage, yana kitimoto. Nikasema basi nipeni tunda. Tikiti likaja limevishwa paja la nguruwe.

Nauli Kamili: Hata tikiti?? 😂

Mjukuu wa Pangani: Limefungwa vizuri kabisa, kila kipande na shuka lake.

Dada wa Rotterdam: Na mkate? Mbona hakuna anayeusema mkate? Toscana nzima mkate hauna chumvi na meza nzima inajifanya haijagundua. Mimi nikanyunyiza yangu, yule bwana akanikata jicho la kunifukuza nchini. Hapo umeshalipa coperto, euro mbili na nusu za kukalia kiti tu.

Kandambili Moja: Kiti kinalipiwa?

Dada wa Rotterdam: Kiti, kitambaa, na huo mkate usio na chumvi.

Nairobi Baridi: Nyinyi mnalilia chumvi. Mimi nilienda kivyangu na gari la kukodi, nikaingia Siena kutafuta parking. Kumbe katikati ya mji ni ZTL, eneo la magari yenye ruhusa tu, bila kibali kamera inakupiga tu, hakuna askari wala mlio. Miezi baadaye barua ya faini mlangoni. Wiki iliyofuata, nyingine.

Mama Wawili: Mbili za nini?

Nairobi Baridi: Nilikuwa natafuta pa kutokea, nikarudi kwa kamera ile ile. Nilikuwa nimepotea boss.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Basi limesimama sheli, anapita akigawa maji, mimi kaniruka.

Dada wa Rotterdam: ZTL hata mimi walinipata, Florence. Kampuni ya gari nayo ikanikata pesa yake kwa kazi ya kulipeleka jina langu polisi. Kusalitiwa nako unachajiwa.

Nauli Kamili: Ukilipa ndani ya siku tano tangu barua ikufikie, unapunguziwa asilimia 30.

Nairobi Baridi: Siku tano ziliisha barua iko chini ya matangazo ya pizza.

Mzee wa Kaloleni: Mimi nauliza tu, huo mfupa wa steki alipewa nani?

Mama Wawili: Nauli Kamili, hiyo punguzo ni ya faini peke yake au na ile ya kampuni ya gari? Maana yangu ipo kabatini tangu mwaka jana na Septemba napita Roma.

Nauli Kamili: Ya faini tu. Kampuni ya gari haina huruma. Njoo PM na picha ya barua.