Mama na Salma wamerudi kutoka milimani

Shangazi Mwanaidi: Wifi, mmefika salama? Toka asubuhi naangalia simu.

Salma: Shikamoo shangazi. Tumeingia Glasgow saa tatu usiku na bado kuna mwanga. Mama anaswali. Picha zinapanda taratibu, vumilieni.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah.

Mjomba Hamisi: Hiyo ya pili ni Uskoti au Lushoto?

Salma: Shikamoo mjomba. Hiyo ndiyo Glencoe. Hata Mama alisema ni kama tunapanda Soni, ukungu umekaa juu ya milima vile vile. Ila hakuna mgomba wala shamba. Milima mitupu, maji yanashuka kila upande.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mlipanda basi la watalii?

Salma: Hapana, tulikodi gari peke yetu, na dereva ni mzee anayeijua historia ya kwao. Goti la Mama haliwezi kukimbizana na watu 50. Bei kubwa, sifichi, lakini unalipia gari, si kichwa, na rafiki zangu wawili walichangia. Tulisimama tulipotaka. Adhuhuri na alasiri tuliswali kando ya ziwa.

Juma: Dada, kasri mliona ngapi?

Salma: Mbili. Kilchurn ni gofu, liko ukingoni mwa ziwa la Loch Awe, la karne ya 15. Miaka ya 1760 lilipigwa radi, na kilele cha mnara mmoja bado kipo uani, kimelala juu chini. Inveraray ni zima, mkuu wa ukoo wa Campbell anaishi humo mpaka leo. Kuna ukumbi umepambwa bunduki na mapanga mpaka juu.

Shangazi Mwanaidi: Lile gofu limenikumbusha Tongoni, tulivyokuwa tukipelekwa utotoni.

Mama Salma: Salaam nyote. Kasri ni nzuri, lakini moyo wangu umebaki kule bondeni Glencoe. Kaka, mpe Juma amsomee Mama polepole.

Mama Salma: Mfalme William aliwataka wakuu wa koo za milimani wale kiapo cha kumtii kabla ya tarehe 1 Januari 1692. Mkuu wa ukoo wa MacDonald wa Glencoe, mzee MacIain, alikwenda kwenye ngome ya Fort William siku ya mwisho. Akaambiwa kiapo hakipokelewi hapa, nenda Inveraray. Mzee wa watu akakata theluji mpaka huko, akamkuta mpokea kiapo hayupo. Akaapa tarehe 6. Sisi leo tumetoka bondeni kwake mpaka Inveraray chini ya saa mbili, tena kwenye gari lenye joto.

Mama Salma: Haukupita mwezi, wakaja askari wa mfalme kama 120, nahodha wao ni Campbell, wakaomba malazi. Wakapokewa. Wakalala majumbani mwa watu, wakala nao, wakacheza nao karata, siku 12 hivi. Alfajiri ya tarehe 13 Februari wakawaua waliokuwa wakiwalisha. Amri ilikuwa wauawe wote walio chini ya miaka 70. MacIain alipigwa risasi akiinuka kitandani. Waliouawa ni kama 38, na wengine wakafa kwa baridi huko mlimani.

Shangazi Mwanaidi: Innalillahi. Na sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama Salma: Wifi, ndilo neno nililolisema pale pale! Salma akamtafsiria dereva. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sheria yao ya zamani ililipatia kosa hilo jina lake peke yake, kumuua mtu aliyekuamini, na lilihesabiwa zito kuliko kuua kwingine.

Mjomba Hamisi: Kachelewa siku chache tu, na kiapo kaapa. Waliotoa amri je, walifanywa nini?

Salma: Bunge la Uskoti lilipokea uchunguzi mwaka 1695, likatamka kwamba yale yalikuwa mauaji. Hakuna aliyehukumiwa.

Mjomba Hamisi: Hapo ndipo panapouma.

Salma: Kijijini kuna msalaba wa mawe wa ukumbusho. Kila tarehe 13 Februari watu huweka maua. Mama alisimama pale mvua ikinyesha, nikamfunulia mwavuli akausogeza pembeni.

Juma: Shangazi, nimemsomea Bibi yote. Kanirudisha mara mbili pale kwenye theluji. Anauliza, watoto wa yule mzee walisalimika?

Mama Salma: Mwambie wanawe wawili walisalimika. Walikimbilia milimani usiku ule ule.

Juma: Anasema alhamdulillah. Anauliza pia mmekula nini.

Mama Salma: Mwambie mchana tulikula samaki wa Loch Fyne. Wali ndiyo naubandika sasa.