Orodha ya usalama inajazwa kila mara, lakini vidonda vya upasuaji wa utumbo mpana bado vinatunga usaha: tuanzie wapi?

Kisu_Safi
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaofanya upasuaji wa utumbo mpana na puru, pamoja na wauguzi na wataalamu wa usingizi. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani inajazwa kwa kila mgonjwa, antibiotiki inatolewa, sukari inapimwa. Hata hivyo vidonda vinavyotunga usaha havipungui, na maungio ya utumbo (pale ncha mbili zilizokatwa zinapounganishwa) yanayovuja yanagunduliwa mgonjwa akiwa ameshazidiwa. Nataka mambo machache yenye nguvu, si mpango mrefu utakaoishia kwenye faili. Mngeanza na lipi, na mngejuaje kwamba limesaidia?

Sista_wa_Thieta
Daktari, angalia kwanza orodha inavyosomwa. Kujazwa peke yake hakusemi kitu. Orodha hiyo ya vipengele 19 ilitoka mwaka 2008, na hospitali 8 zilizoijaribu zilishusha vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ilipofanywa lazima huko Ontario, Kanada, utafiti wa 2014 uliohusisha hospitali 101 haukuona punguzo la maana la vifo wala la matatizo. Kwa maoni yangu kinachotofautisha ni ile dakika ya kusimama kabla ya kukata. Muuguzi anayezunguka ndiye asome, wengine wote waache walichoshika, na jibu la antibiotiki liwe dawa, kipimo na saa. "Tayari" si jibu. "Cefazolin gramu 2, saa mbili na dakika arobaini" ni jibu, kwa sababu kila aliyepo anaweza kupiga hesabu kichwani na kusema kama muda umepita.

Jambo la pili ni kufunga tumbo. Andaa trei ndogo ya kufungia, isiyoguswa tangu mwanzo: mkasi, vishika sindano, koleo, uzi. Kabla ya kushona ukuta wa tumbo, timu yote iliyonawa ibadilishe glavu na ihamie kwenye trei hiyo. Utafiti uliochapishwa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 13,000 katika nchi 7 zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, ulionyesha maambukizi ya kidonda yakishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0 kwa hatua hiyo. Inakwama pale trei inapoombwa dakika za mwisho na stoo hakuna iliyochemshwa. Ihesabiwe asubuhi pamoja na seti kuu.

Usingizi36
Naongezea upande wa kichwani pa mgonjwa. Cefazolin ni gramu 2, au gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na kuendelea, ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Irudiwe baada ya saa 4, au mapema zaidi damu ikipotea zaidi ya mililita 1,500. Upasuaji wa puru mara nyingi huvuka saa 4, na dozi ya pili ndiyo husahaulika kuliko zote. Weka kengele kwenye mashine ya usingizi mara tu dozi ya kwanza inapoingia.

Utumbo mpana umejaa bakteria wasiohitaji oksijeni, na cefazolin peke yake haiwatoshi, kwa hiyo tunaongeza metronidazole miligramu 500. Mtego uko hapa: metronidazole ni dripu ya dakika 20 hadi 30. Ikifunguliwa mgonjwa akiwa ameshapakwa dawa ya ngozi, kisu kinaanza chupa ikiwa nusu, na kwenye karatasi bado itaandikwa "imetolewa". Ianze kabla ya kumlaza usingizi. Upasuaji ukiisha, usiendeleze antibiotiki za kinga siku tatu au tano: hazipunguzi maambukizi, zinajenga usugu.

Halafu joto. Saa ya kwanza ya usingizi mwili hushuka takriban nyuzi 1 hadi 1.5, kwa sababu mishipa ya ngozi hufunguka na joto la ndani hukimbilia mikononi na miguuni. Blanketi la hewa moto likiwekwa baada ya kushuka linafukuza kitu kilichokwisha kutoroka. Mpashe joto kama nusu saa kabla ya usingizi, kisha usiruhusu chini ya nyuzi 36. Utafiti wa 1996 kwa wagonjwa 200 wa utumbo mpana ulikuta maambukizi asilimia 6 kwa waliotunzwa joto na 19 kwa walioachwa wapoe. Ni tofauti kubwa mno kuipuuza.

Kisu_Safi
Asanteni sana, Sista na mkuu Usingizi36. Vipi kuhusu kusafisha utumbo kabla? Wengine wameacha kabisa.

Bingwa_Utumbo
Waliacha kwa sababu kusafisha peke yake hakupunguzi maambukizi, na hilo ni kweli. Kinachosaidia ni kusafisha pamoja na antibiotiki za kumeza, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2016 inasema hivyo. Mpango wa kawaida ni neomycin gramu 1 na metronidazole gramu 1, mara tatu kati ya mchana na usiku wa siku ya kabla, baada ya dawa ya kuharisha, yaani ile inayomfanya mgonjwa aharishe ili utumbo usafike. Mzee au mwenye figo dhaifu apimwe potasiamu na apewe maji ya kutosha. Aliyezibwa utumbo asipewe dawa ya kuharisha kabisa.

Sasa maungio. Mambo matatu yaonekane kwa macho kabla ya kufunga: damu, mvutano na uzima. Damu: kata ukingo wa utumbo wa juu, utoke damu nyekundu inayodunda. Mvutano: utumbo ulale wenyewe ndani ya nyonga bila kushikwa. Ukining'inia kama kamba iliyokazwa, rudi ukaachilie kona iliyo chini ya bandama, na mara nyingi ukate vena ya chini ya mesenteri (mshipa wa damu wa utumbo) kwenye ukingo wa kongosho. Uzima: pete mbili za utumbo zinazotoka kwenye stepla ya duara (kifaa kinachounganisha utumbo kwa pini) ziwe kamili, kisha jaza nyonga maji ya chumvi, bana utumbo juu ya maungio, pulizia hewa kupitia puru. Mapovu yakitoka, rekebisha au unganisha upya, na upime tena. Puru likihitaji stepla tatu au zaidi kulikata, hatari ya kuvuja inapanda. Kwa maungio ya chini sana, fikiria stoma ya muda (tundu la kutolea kinyesi kwenye ukuta wa tumbo): inapunguza madhara ya uvujaji pale unapotokea.

Ugunduzi unachelewa kwa sababu dalili za mwanzo hufanana na kitu kingine. Siku ya 3 hadi 6 moyo unapiga zaidi ya 100, pumzi ziko zaidi ya 20, utumbo uliokuwa umeamka unalala tena, au mapigo yanavurugika ghafla na daktari wa moyo anaitwa. Nyuma yake kuna uvujaji. Pima CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) siku ya 3 au ya 4. Ikiwa chini ya takriban miligramu 150 kwa lita, uvujaji una uwezekano mdogo. Ikiwa juu, haithibitishi uvujaji, ila mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani bila kuchunguzwa. CT skani ifanyike siku hiyohiyo, na kwa maungio ya chini dawa ya picha iingizwe pia kupitia puru. Picha safi kwa mgonjwa anayezidi kuharibikiwa isikutulize. Mpe muuguzi wa wodi ruhusa ya maandishi ya kumpigia bingwa moja kwa moja, hata saa nane usiku.

Mhesabu_Wodi
Kwenye kupima, usiangalie kila hatua peke yake. Kwa mfano, hatua 6 zikifanyika kila moja kwa asilimia 90, na kukosa moja hakutegemei nyingine, wagonjwa waliopata zote 6 ni asilimia 53 tu. Ripoti inapendeza, na karibu nusu ya wagonjwa wamekosa kitu. Hesabu ya kufuatilia ni hii: aliyepata zote, au hakupata.

Maambukizi yafuatiliwe hadi siku ya 30, kwa simu au kliniki, yakigawanywa matatu: ya juu kwenye ngozi, ya ndani kwenye misuli, na ya ndani ya tumbo. Anayehesabu waliolazwa tena pekee hupata namba nzuri isiyo ya kweli. Mkianza kupiga simu namba zitapanda, kwa hiyo uongozi uambiwe mapema kwamba kupanda huko kunatokana na kuona zaidi.

Kitengo chenye wagonjwa 15 au 20 kwa mwezi kisilinganishe asilimia za miezi miwili. Chora idadi ya wagonjwa waliopita kati ya maambukizi moja na yanayofuata. Nukta 6 mfululizo juu ya mstari wa kati zinaonyesha mabadiliko halisi. Anza na trei ya kufungia na saa ya antibiotiki, chora kwa miezi mitatu, ndipo uongeze joto na dawa za kumeza.