Tupeane uzoefu: ni lini ulijua kwamba hawa si majirani tena, ni ndugu?

Wakuu, habari za usiku. Juzi hapa Nkuhungu, Dodoma, tuliangalia filamu kwenye kompyuta ya mpangaji mwenzangu, watu sita kitanda kimoja. Ni ya Kijapani, inaitwa Shoplifters, ya Hirokazu Kore-eda, ile iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2018. Tangu siku hiyo imenikaa kifuani.

Ni habari ya watu waliobanana kwenye kijumba kimoja Tokyo. Bibi anaishi kwa pensheni, baba ni kibarua anayeiba madukani na kijana wake, mama anafanya kazi dobi. Usiku wa baridi wanamkuta mtoto wa kike ameachwa nje kibarazani, wanamchukua wampe chakula. Wanaona makovu mwilini mwake, wanashindwa kumrudisha. Kadiri filamu inavyokwenda ndivyo unavyogundua kwamba karibu wote waliokotana hivyohivyo.

Kuna jioni fataki zinarushwa mjini. Nyumba yao imezungukwa na majengo, hawaoni kitu. Wanatoka barazani, wanainua nyuso na kusikiliza milio. Kamera iko juu, inawatazama wao tu, na fataki hatuonyeshwi hata moja. Mama mmoja tuliyekuwa naye akasema taratibu: "Ndivyo tunavyosikiliza ngurumo, mvua inanyesha upande wa pili wa mlima." Kila aliyelima Dodoma anaelewa.

Naanza na yangu. Nilifukuzwa nyumbani Manyoni kwa sababu ya mimba. Nikapanga chumba Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, nyumba ya bibi mmoja Mgogo. Chumba cha pili alikaa fundi viatu aliyepooza miguu, cha tatu kijana aliyetoka jela. Tulisalimiana tu, tukachangiana hela ya unga. Siku moja sikuwa nimeuza hindi hata moja, hela ya kuchangia sina, nikazubaa barabarani makusudi hadi saa tano ili wale wamalize. Nafika, mlango haujafungwa. Jikoni kuna sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na juu yake limewekwa jiwe ili paka asifunue. Ugali wa uwele na mlenda, umeshapoa. Nilikula nikiwa nimesimama, machozi yananitoka. Asubuhi hakuna aliyeniuliza habari ya hela. Bibi alisema tu, "Wewe ukichelewa tunakuwa hatulali."

Nawe je?

kuli_wa_kibaigwa
Mkuu umenigusa. Nilibeba magunia soko la mahindi Kibaigwa miaka minne. Tulikuwa vijana wanane, tunalala juu ya magunia matupu. Mmoja wetu alikuwa na kifafa. Kwao walimtenga hata chombo cha kulia, wanaamini povu lile linaambukiza. Mara ya kwanza alipoanguka nasi tulikimbia, nakiri hilo kwa uchungu. Nesi ndiye aliyetufundisha: mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya karibu vinavyoweza kumuumiza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalieni saa, ikipita dakika tano mkimbizeni hospitali. Basi tukapanga zamu. Mwenye zamu anabeba mzigo karibu naye, na analala ubavuni kwake.

Kaka yangu wa tumbo moja akaja kunichukua, kanipatia kazi Morogoro. Nikajisikia namwambia, "Wiki hii siwezi, zamu yangu." Hata mimi nilishtuka kusikia nilivyosema.

mjukuu_wa_hombolo
Bibi yangu aliugua ukoma akaletwa kituo cha Hombolo. Alipona kabisa, maana ukoma una dawa, lakini kijijini kwao hawakutaka hata achote maji kisimani. Akabaki. Alikaa na mwanamke mwingine aliyepona kama yeye. Bibi vidole vilikuwa vimekwisha ila macho anayo. Mwenzake vidole vilibaki, macho yakaharibika. Bibi anatazama mchele, anamwambia "jiwe hilo, kushoto kidogo," mwenzake analitoa. Mama yangu kalelewa na hao wawili. Mimi nina bibi wawili upande wa mama na sijawahi kuona haja ya kueleza zaidi ya hapo.

mama_wa_ipagala
Ndugu zangu, nami nilimpenda yule mama wa kwenye filamu, lakini jambo la mtoto nisiliache lipite. Ukikuta mtoto anateswa au ametupwa usimfiche ndani, hata kama moyo unakuuma. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo na kuasili, njia ipo. Mimi nimepita humo. Walikuja kukagua nyumba, wakahoji majirani, nikasubiri hadi nikakata tamaa. Yule mtoto wa filamu mwisho alirudishwa kwa mama yake mzazi, palepale kwenye makovu, kwa sababu waliompenda hawakuwa na karatasi yoyote mkononi. Wa kwangu leo akiitwa shuleni nasimama mimi, na hakuna wa kuniuliza mimi ni nani kwake.

Mwanzisha mada
Dada wa Ipagala, asante sana. Sehemu hiyo ndiyo iliyotunyamazisha wote sita, na hakuna aliyesema maneno uliyosema wewe. Kuli, huyo mwenzenu yuko wapi siku hizi?

kuli_wa_kibaigwa
Yuko Kongwa, anatumia dawa kila siku, ana duka la spea za baiskeli. Mwanawe wa kwanza kampa jina langu.

binti_kondoa
Nimesoma yote. Mimi ndiyo nimefika Dodoma, nimepanga Makulu, na nyumbani siwezi kurudi, sababu naomba nisiiseme. Sina cha kusimulia bado.

Mwanzisha mada
Mdogo wangu, usilazimike kusema. Nakutumia namba yangu pembeni. Jumapili huwa tunapika wote, fundi viatu yupo, mwanangu yupo, sasa yuko kidato cha pili. Uje. Ukichelewa tutakufunikia.